Jimi Amepata Dawa, Mama Jimi Bado

SWALI

Wapendwa, salamu kutoka Arua.

Mimi ni mjane wa miaka 53, nina duka dogo na chumba nyuma yake. Watoto wako Kampala, hapa nimebaki na mbwa wangu Jimi, wa miaka minne na kilo 18. Jumatatu alikataa chakula akaenda kulala nyuma ya mlango. Alipokojoa, mkojo ulikuwa kama chai ya rangi. Jumanne hakuweza kusimama. Nikamwita bwana mmoja anayetibu ng'ombe mtaani kwetu. Alimfunua mdomo, akasema damu imekwisha, hii ni homa ya kupe. Akamdunga dawa ya njano, akaniachia vidonge vya doksisaiklini vya miligramu 100, akasema atarudi Jumanne ijayo amdunge ileile tena. Damu hakupima. Tangu Alhamisi Jimi anakunywa supu na kutikisa mkia, ila ufizi bado umepauka na akitembea hatua kumi anakaa.

Shida ni kwamba na mimi ni mgonjwa. Nina sukari mwaka wa sita huu, na presha. Natumia metfomini 500 asubuhi na jioni, glibenklamidi 5 asubuhi, na amlodipini 5. Tangu Jumatatu nimelala kwenye mkeka kando ya Jimi, nikila chapati na chai. Jumatano alfajiri nilikumbuka glibenklamidi, nikaimeza tumbo tupu. Kufika saa tatu natetemeka, jasho linanitoka. Niliogopa, nikaacha dawa zote. Siku hiyohiyo nilimwogesha Jimi kwa amitrazi, dawa ya kupe ya ng'ombe, mikono mitupu, na kichwa kikazunguka hadi jioni. Pesa ya dawa zangu imeishia kwa Jimi. Jana, Ijumaa, duka la dawa walinipima: 19.4. Macho yana ukungu, usiku naamka kukojoa mara tano. Kwenye kidole cha mguu nina kidonda, nilijigonga kwenye beseni, lakini hakiumi kwa hiyo sijakijali.

Majirani wananicheka, wananiita Mama Jimi. Naomba mniambie: ile sindano ya pili adungwe? Hizi doksisaiklini nampaje? Na mimi nimeze dawa za siku zote nilizoruka?

Mama Jimi, Arua

JIBU

Mama Jimi, barua yako ilitufikia Jumamosi na siku hiyohiyo tulikurudishia ujumbe mfupi: funga duka, mwachie jirani mbwa, nenda hospitali leo. Haya ndiyo maelezo kamili. Tumeyaandika wawili, daktari wa mifugo na muuguzi wa kliniki ya kisukari, kwa sababu nyumba yako ina wagonjwa wawili na dawa zao zimeanza kugongana.

Tuanze na hesabu ya siku. Kama kweli ni homa ya kupe, na dalili zinaelekea huko, basi dharura ya Jimi ilikuwa Jumatatu na Jumanne. Vijidudu viitwavyo babesia huingia ndani ya seli nyekundu za damu na kuzipasua, na rangi inayomwagika humo ndiyo uliyoiona kwenye mkojo. Dawa ikishafanya kazi, kinachobaki ni mwili kutengeneza damu upya. Hiyo ni kazi ya wiki kadhaa, na kukesha kwako hakuiharakishi hata kwa saa moja. Kwako mambo yamekwenda kinyume. Jumatatu ulikuwa na nafuu, leo una sukari ya 19.4, una kidonda, na una presha ambayo hakuna aliyeipima. Mwenye hali mbaya zaidi katika chumba hicho ni wewe. Tatizo la sukari ni kwamba haina mkojo wa rangi ya chai wa kukushtua.

Hiyo 19.4 ni ya kipimo cha milimoli. Mashine nyingine zingekuandikia karibu 350, ni kitu kilekile. Kwa kiwango hicho figo zinatupa sukari nje kupitia mkojo, na sukari haitoki bila kuvuta maji, ndiyo maana unaamka mara tano. Ukungu wa macho ni lenzi ya jicho imevimba kwa sukari hiyohiyo. Utatulia sukari ikishuka, kwa hiyo usikimbilie miwani mipya. Kwa watu wa aina yako ya kisukari hali huzidi polepole kwa siku kadhaa, mwili ukikauka, mpaka mtu anaanza kusinzia na kuchanganya maneno. Anayeishi peke yake hana wa kumwambia kwamba anachanganya maneno. Kwa hiyo mpigie mwanao mmoja simu leo, mwambie namba yenyewe, "kumi na tisa nukta nne", usimwambie "niko salama". Mpange awe anakupigia asubuhi na jioni kwa wiki nzima.

Hospitali ya Rufaa ya Arua ingia upande wa dharura. Usingoje siku ya kliniki ya sukari. Beba maboksi ya dawa hata kama ni matupu. Omba vitu vinne kwa majina: sukari, ketoni (asidi ya hatari sukari ikizidi) kwenye mkojo, presha, na mtu auangalie mguu. Kama umetapika, unahema kwa kina na kwa kasi, au tumbo linauma, sema hivyo mlangoni kabla ya kukaa kwenye foleni. Njiani na nyumbani kunywa maji matupu, glasi moja kila saa, isipokuwa uliwahi kuambiwa una moyo au figo zisizotaka maji mengi. Soda na juisi hapana, hata kidogo.

Sasa dawa ulizoruka. Usizimeze. Dozi iliyopita imepita, na ukizirundika glibenklamidi utaanguka. Kilichokupata Jumatano kinaeleweka: glibenklamidi hulazimisha kongosho kutoa insulini iwe umekula au hujala, na wewe hukuwa umekula. Kutetemeka na jasho ni dalili za sukari iliyoshuka, ingawa hukupima. Kosa halikuwa kidonge, lilikuwa tumbo tupu. Kanuni yake ni hii: hakuna chakula, hakuna glibenklamidi. Ikikushika tena, koroga vijiko vitatu vya chai vya sukari katika nusu glasi ya maji, kunywa, subiri dakika 15, pima. Ikiwa bado chini ya 4, rudia, halafu kula chakula cha kweli. Metfomini nayo huendana na chakula, lakini usiirudie kama unatapika au umekauka maji, mpaka uonwe hospitali. Amlodipini endelea na kimoja cha kawaida, usiongeze. Kuhusu pesa, dawa hizi tatu hupatikana kwenye vituo vya serikali bila malipo zikiwepo, na zisipokuwepo waulize zile zisizo na jina la kampuni kubwa, ni rahisi kuliko sindano moja ya Jimi.

Kidonda ndicho kinachotutia wasiwasi kuliko vyote. Unasema hakiumi kana kwamba ni habari njema. Kidole kilichojigonga kikachubuka kinapaswa kuuma, na kisipouma baada ya miaka sita ya sukari, huenda mishipa ya fahamu ya mguu imeanza kufa ganzi. Kioshe kwa maji safi na sabuni ya kawaida, kausha kwa kupapasa hasa katikati ya vidole, funika kwa shashi safi, vaa kiatu kilichofunika vidole hata ndani ya nyumba. Usimwagie spiriti, mafuta ya taa, majivu wala unga wa vidonge. Weka kioo sakafuni uangalie unyayo kila jioni. Wekundu unaopanda, harufu, weusi au uvimbe maana yake ni kurudi hospitali siku hiyohiyo. Uliza pia kama chanjo yako ya pepopunda bado ina nguvu.

Halafu kuna amitrazi. Ni dawa nzuri ya kupe, lakini hupunguza insulini inayotolewa na kongosho na kupandisha sukari, kwa mbwa na kwa mtu, na hupita kwenye ngozi. Kwa sababu hiyo mwenye kisukari hashauriwi kuigusa. Hatusemi yote 19.4 ni ya amitrazi, siku kadhaa bila dawa zinatosha kuifikisha hapo, lakini kizunguzungu cha Jumatano tunakihusisha nayo. Jimi naye hakupaswa kuogeshwa siku ile. Amitrazi hupunguza mapigo ya moyo na joto la mwili, na mbwa asiye na damu ya kutosha hana akiba ya kulipia hayo. Safari ijayo aogeshwe akiwa ameshapona, na mwogeshaji awe mtu mwingine, mwenye glavu, nje penye upepo, kwa vipimo vya lebo. Kwa ile ya asilimia 12.5 kipimo cha kawaida ni mililita 2 kwa lita moja ya maji. Kwa sasa mtoe kupe kwa kibano: shika karibu kabisa na ngozi, vuta moja kwa moja bila kuzungusha, dumbukiza kwenye kopo la mafuta ya taa. Usiwapasue kwa kucha.

Tuje kwa sindano ya njano. Kwa rangi yake na kwa mazoea ya wanaotibu ng'ombe, hiyo huenda ni diminazini, inayouzwa kwa majina kama Berenil na Veriben, lakini mpigie bwana yule umwulize jina. Kama ndiyo, jibu letu ni hapana: asidungwe ya pili Jumanne. Kipimo chake kwa mbwa ni miligramu 3.5 kwa kila kilo, mara moja. Kwa kilo 18 ni miligramu 63. Pakiti yenye gramu 1.05 ikiyeyushwa kwa mililita 15 za maji hutoa miligramu 70 kwa kila mililita, kwa hiyo Jimi alistahili kama mililita 0.9, pungufu kidogo ya moja. Ng'ombe wa kilo 300 hupata 15, na hapo ndipo mkono uliozoea ng'ombe hukosea. Kwa mbwa pengo kati ya dozi inayotibu na inayodhuru ubongo ni jembamba, na ikizidi au ikirudiwa mapema madhara hutokea siku moja au mbili baadaye: kuyumba kama mlevi, macho kuchezacheza, shingo kukakamaa kurudi nyuma, degedege. Jimi ameshapita siku hizo akitikisa mkia, shukuru.

Ipo sindano nyingine ambayo hurudiwa, imidokabu, maarufu kwa jina la Imizol. Hiyo ni miligramu 6.6 kwa kilo, na dozi ya pili hutolewa baada ya siku 14. Kwa dawa ya asilimia 12, Jimi angehitaji mililita moja hivi, ndani ya msuli au chini ya ngozi, kamwe si kwenye mshipa. Wengine humtanguliza mbwa kwa sindano ya atropini ili asitoe mate na kutapika. Inawezekana bwana yule amechanganya ratiba za dawa hizi mbili, si mara ya kwanza kuona hivyo.

Kabla ya dawa yoyote mpya, Jimi apimwe damu. Uliza ofisi ya daktari wa mifugo ya serikali ni nani mjini mwenye maabara. Kampala ipo kliniki ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Makerere, lakini safari ya basi kutoka Arua si ya mbwa aliyepauka ufizi. Kutafuta vijidudu kwa tone la damu kutoka ncha ya sikio kungefaa zaidi kabla ya sindano. Sasa chenye maana ni kiwango cha seli nyekundu, ule mrija mwembamba unaozungushwa kwenye mashine. Mbwa mzima huwa kati ya asilimia 37 na 55. Akiwa chini ya 15 na anahema, hapo hazungumziwi sindano tena, anahitaji damu ya mbwa mwingine.

Doksisaiklini ni wazo zuri, kwani kupe huweza kumwambukiza pia bakteria aitwaye erlikia, ambaye sindano ya njano haimgusi. Miligramu 10 kwa kilo kwa siku ni 180 kwa Jimi, kwa hiyo kimoja cha 100 asubuhi na kimoja jioni kinatosha, na kwa erlikia huendelea siku 28 hata akishaanza kubweka. Kifiche ndani ya tonge la posho (ugali). Kikikwama kooni bila maji huchoma koo, kwa hiyo kila kidonge kifuatwe na maji kwa bomba lisilo na sindano, kupitia pembeni ya shavu, polepole. Ukimimina moja kwa moja kooni yataingia mapafuni. Asipewe na maziwa.

Hiyo supu inayomwamsha, je, ina kitunguu? Barua haikusema, nasi tunajua supu za Arua. Kitunguu maji na kitunguu saumu, kibichi au kilichopikwa, huharibu seli nyekundu za mbwa, zilezile anazohangaika kuzirudisha. Parasitamoli nayo inaweza kuziharibu, na ibuprofeni na diklofenaki hutoboa tumbo lake na kuumiza figo. Mpikie wali au posho laini na mukene (dagaa) waliolowekwa kutoa chumvi, au vipande vichache vya maini ya kuchemsha. Maji anahitaji karibu lita moja kwa siku, na akikataa, mpe maji ya chumvichumvi (ORS) ya pakiti ya lita moja, kama mililita 20 kila robo saa.

Mkojo wake usiufute pekupeku. Mkojo mweusi na ufizi uliopauka au wa manjano unaweza pia kutoka kwa leptospira, bakteria wa mkojo wa panya, na huyo humwingia mtu kupitia kidonda kama hicho chako. Vaa gambuti na glavu. Suuza kwanza kwa maji, ndipo umwage jiki, kikombe kimoja kwa tisa vya maji. Jiki ikikutana na mkojo mzito hutoa moshi unaokaba. Na ikiwa taya la Jimi litalegea, sauti ikabadilika, au akashindwa kumeza mate yake, usiweke tena mkono mdomoni. Hapo tunafikiria kichaa cha mbwa, na mate yake yakigusa kidonda chako osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, uende kwa chanjo siku hiyohiyo.

Sasa jinsi ya kuishi na haya yote. Metfomini yako inataka chakula mara mbili kwa siku, doksisaiklini yake inataka chakula mara mbili kwa siku. Ziunganishe. Saa moja asubuhi pima sukari yako, weka sahani mbili, wewe kula kwanza na umeze kile hospitali ilichokupa, ndipo yeye. Saa moja jioni hivyohivyo. Dawa zako zikae rafu ya juu dukani na zake zikae kwenye kopo jikoni, maana glibenklamidi moja ndani ya tonge la posho inaweza kumshusha sukari mbwa wa kilo 18 mpaka degedege.

Saa tatu usiku mhesabie pumzi akiwa amelala: hesabu kifua kinapopanda kwa nusu dakika, zidisha mara mbili. Chini ya 30, nenda kitandani. Kitandani, si mkekani. Kukosa usingizi peke yake hupandisha sukari na presha. Kama moyo hautulii, weka kengele moja ya saa tisa usiku, moja tu. Zaidi ya 40 akiwa amelala, au ufizi mweupe kama karatasi, au macho ya manjano, au siku nzima bila mkojo, huyo apelekwe kwa daktari bila kungoja Jumanne. Jirani atakayebaki naye ukiwa hospitali mwachie maagizo hayohayo kwenye karatasi, pamoja na namba ya daktari.

Majirani waache wacheke. Mbwa anayelinda duka la mjane ana haki ya kutibiwa, na kati yao wanaocheka utampata mmoja wa kukaa naye kwa muda wa saa tatu.

Kupe wa mbwa hutaga mayai kwenye nyufa za ukuta na chini ya magunia, si juu ya mbwa. Ziba nyufa kwa udongo au saruji, choma magunia anayolalia. Hiyo inaweza kungoja wiki ya pili, mguu wako ukishafungwa.

Jumanne bwana yule akija, mpe kiti, na kabla hajafungua begi mwoneshe karatasi yenye mistari minne: Jimi, kilo 18; jina la dawa aliyodungwa na tarehe; mililita ngapi; kiwango cha damu cha leo. Kama mstari wa pili hawezi kuujaza, asidunge kitu.